Gunia Lenye Kofia

Kazi yangu ilikuwa kuyavisha magunia kofia. Ndivyo tulivyoiita sokoni kwetu Nyamusanzu, kwenye barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, ukishapita Busunzu. Gunia likijaa maharage mpaka mdomoni, huliachi hapo. Unachukua kipande cha gunia kuukuu, unakishonea mdomoni kuzunguka, unaacha tundu la kupitisha bakuli. Vibarua wanamimina mpaka kofia inasimama kama kichwa cha mtu, kisha unaziba tundu. Kwingine wanaita lumbesa. Gunia la kawaida lilikuwa debe sita. Likivaa kofia yangu lilikuwa debe saba na nusu.

Niliishia darasa la tano, lakini hesabu hiyo haikuhitaji daftari. Niliijua kwa vidole, kwa jinsi kamba ya katani ilivyovuta nilipokaza fundo la mwisho.

Mwenye magunia alikuwa Anania. Alikuwa na Fuso mbili, ghala la mabati pale sokoni na nyumba ya wageni Kibondo mjini. Alinunua kwa gunia, akauza kwa kilo. Mkulima alilipwa bei ya gunia moja. Debe moja na nusu la juu lilikuwa la kofia, na kofia ilikuwa ya Anania. Mwaka ule, 2013, alipata pia zabuni ya kukusanya ushuru wa mazao. Kwa hiyo aliyenunua maharage yetu ndiye aliyetoza ushuru wa maharage yetu. Watu walikuwa wameanza kumwita mheshimiwa kabla hajagombea chochote, na yeye hakuwakataza.

Ushuru ulikuwa shilingi elfu moja kwa gunia. Ulikatwa kwenye kamba iliyofungwa kuvuka barabara, na mwenye kuishika kamba alikuwa Khatibu, mtu wa Anania, mwenye mzaha mwingi na mkono mgumu. Ukipitisha debe tatu ndani ya gunia ili ukauze Kasulu penye bei nzuri, unalipa elfu moja. Ukilalamika, Khatibu anasema, "Gunia ni gunia." Fuso ya Anania ikija na magunia yaliyovaa kofia, kamba inalala chini kabla dereva hajapiga honi. Na siku ambayo ilibidi yahesabiwe, yalihesabiwa moja moja kama ya wengine. Gunia ni gunia.

Mimi niliyaona hayo yote nikiwa nimekaa mlangoni mwa ghala na sindano yangu, nikanyamaza. Nilikuwa na sababu.

Jina langu la sokoni ni Loyce. La nyumbani ni Ininahazwe, nalo lilikuwa halitoki nje ya mlango. Bibi yangu alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mama yangu Kezia akiwa mgongoni. Mimi nilizaliwa hapahapa, na baba yangu Venanti amezikwa hapahapa, lakini karatasi ya uraia hatukuwa nayo. Waha, wenyeji wa huku, wakikutana mchana husalimiana "mwidiwe." Sisi nyumbani tulisema "mwiriwe." Tofauti ni herufi moja. Nikiwa darasa la pili iliniponyoka uwanjani, na watoto wakanifuata mpaka nyumbani wakiiimba. Tangu hapo nilifanya mazoezi kila nikienda kuteka maji, peke yangu na ndoo, mwidiwe, mwidiwe, mwidiwe, mpaka ulimi uchoke. Mbele ya watu nilisalimia kwa Kiswahili, au niliinamisha kichwa tu. Wakasema binti wa Kezia ana aibu. Ni kweli nilikuwa nayo. Ila kubwa zaidi ilikuwa hofu, na hofu ukikaa nayo miaka mingi watu huiita aibu.

Mwaka huo hofu ilikuwa imepata jina. Redio zilikuwa zinatangaza operesheni ya kuondoa wahamiaji haramu mkoani kwetu. Tulisikia magari yameonekana Kumsenga, mara yapo Murungu, na hatukujua habari ipi ni ya kweli. Mama alifunga furushi, akaliweka nyuma ya mlango. Ndani yake kulikuwa na blanketi, sufuria letu moja, kadi yake ya ubatizo, na stakabadhi za kodi ya maendeleo alizolipa baba, moja kwa kila mwaka mpaka kodi hiyo ilipofutwa. Kila tulipotaka kupika alifungua furushi akatoa sufuria. Tukimaliza aliliosha, akalifuta, akalirudisha na kufunga fundo.

Mambo yalianza na Veronica. Veronica ni Muha wa palepale, mjane wa kwanza niliyemjua ambaye aliolewa tena na kumpa mume mpya masharti. Mume huyo, Sylvesta, ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Jumatano moja ya Agosti Veronica alifika kwenye kamba na baiskeli, amefunga gunia lenye debe tatu. Khatibu akadai elfu moja. Veronica akasema hilo ni nusu. Khatibu akajibu kama kawaida yake. Basi Veronica akashusha gunia, akatandika kitenge barabarani, akamwaga maharage yote juu yake na kulikung'uta gunia tupu mbele ya uso wa Khatibu.

"Haya. Sasa si gunia, ni kitenge," akasema. "Kitenge kinalipa ngapi?"

Soko zima lilicheka. Hata vibarua wa Anania walicheka. Khatibu hakucheka. Alichukua baiskeli, na ilikaa ghalani kwa Anania wiki tatu. Wanawake wakamwendea mwalimu Herieth wa shule ya msingi, mtu wa kutoka Bukoba, akawaandikia barua ya kwenda halmashauri. Walitia vidole gumba ishirini na viwili. Walinijia na mimi. Nilisema nina kazi nyingi, nikajifanya nimejichoma sindano.

Jibu lilikuja kwamba mkaguzi angefika Jumatano, kusikiliza na kupima.

Jumatatu asubuhi Anania alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, bila gari. Hilo peke yake lilinitisha. Alikuwa amebeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Mama akampa kigoda. Alisifu mihogo yetu, akauliza hali ya mguu wa mama, akazungumzia mvua. Alikuwa na sauti laini, hata ukitaka kumchukia ilikubidi usubiri. Mimi nilisimama pembeni ya nyumba nikipepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari.

"Mama Loyce," akasema, "hivi wewe umekaa hapa muda gani?"

"Tangu nikiwa mgongoni," mama akajibu.

Anania akacheka kidogo. "Mgongoni mwa nani? Hapo ndipo watakapouliza."

Anania akaendelea kwa upole uleule. Alieleza kwamba hawa watu wa operesheni ni wageni, hawamjui mtu, wakifika mahali wanawauliza watu wenye heshima zao pale, nani ni nani. Yeye ameshaulizwa. Amewaambia Nyamusanzu hakuna tatizo. Angependa kuendelea kusema hivyo. Kisha akageuza kigoda akanitazama mimi, akaniambia kesho nije mapema, kuna magunia arobaini ya kuvua kofia. Na Jumatano mkaguzi akiniuliza, nijibu debe sita.

"Debe sita, binti yangu. Ni maneno mawili tu," akasema. "Hata mtu mwenye aibu anayaweza."

Alipoondoka, mama aliiangalia sukari muda mrefu bila kuigusa. Aliniambia nikajibu hivyohivyo. Nikasema ndiyo.

Jumanne nilivua kofia kutwa nzima. Kuvua ni kugumu kuliko kushona, maana kamba ya katani ikishakaza huwezi kuifumua, unaikata fundo kwa fundo, na maharage yanakumwagikia miguuni. Vibarua walichota ziada yote wakaipeleka chumba cha nyuma cha ghala, wakaifunika turubai. Nami nilishona midomo upya, bapa, kama ya magunia yanayochorwa kwenye vitabu vya shule. Kufika jioni ncha za vidole zilikuwa zimechanika. Magunia arobaini yalisimama kwa safu, mafupi, hayana vichwa. Sikuwahi kuyaona hivyo. Nilijiambia ni kazi kama kazi nyingine, lakini chakula cha mchana sikukigusa.

Njiani kurudi nilikutana na Esteri, jirani yetu, aliyetia kidole gumba kwenye ile barua. Aliuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo.

Jumatano, mchana, watu walijaa kwenye banda la soko. Mkaguzi aliitwa Brighton, kijana mwenye miwani, kwao ni Same, hajamaliza hata mwaka Kibondo. Alikuwa na meza, debe jipya la bati na daftari. Anania alikaa kwenye kiti mkono wa kulia. Karibu naye alikaa mwanamume mmoja mwenye kofia ya kaki na buti, hatujawahi kumwona, hasemi kitu, ananitazama. Anania alimtambulisha kwa neno moja, kwamba ni mgeni wake. Nilijua ni wao, watu wa operesheni. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa nyuma ya nguzo, na hata hapo niliiona ncha ya buti yake.

Wanawake walisema yao. Walisema wanalipa gunia zima kwa nusu gunia, na mwenye Fuso analipa gunia moja kwa gunia na robo, siku akilipa. Brighton aliandika. Kisha akaomba aonyeshwe magunia ya wakala wa ushuru, yaani ya Anania. Yakaletwa matatu kati ya yale arobaini. Akafungua moja mbele ya watu, akapima kwa debe lake. Likatoka debe sita, na mabaki hayakujaza hata bakuli. Akapima la pili. Sita.

Anania alifungua viganja vyake kama mtu anayeonyesha kwamba hakushika kitu. Alisema yeye hana kinyongo. Alisema akina mama wana shida, na mtu mwenye shida huona mkono wa jirani kila mahali, anawasamehe. Watu wakaanza kunong'ona. Baadhi ya wanaume waliokuwa nyuma walianza kuondoka. Nilimwona Veronica akitazama yale magunia mafupi na mdomo wake umebaki wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa ghala, na ilikuwa wazi kwamba haitarudi.

Halafu akalipata.

"Mkaguzi," akasema, "muulize anayeshona."

Brighton akauliza ni nani. Watu wote wakageuka kwenye nguzo.

Nilisimama. Kwetu mtu akisimama kuzungumza mkutanoni, kwanza husalimia, na watu humwitikia. Huwezi kuanza tu, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Nilikuwa nimeshajiandaa usiku kucha. Mwidiwe. Debe sita. Maneno matatu, kisha nikae, na mama abaki nyumbani kwake. Nilivuta pumzi. Nikaona buti. Nikamwona Anania akinitikisia kichwa polepole kwa wema, kama baba anayemsubiri mtoto asome.

"Mwiriwe," nikasema.

Nililisikia likitoka. Nililisikia likienda mpaka mwisho wa banda na likakosa mahali pa kutua. Hakuna aliyeitikia. Kuku mmoja alikuwa anadonoa maharage yaliyomwagika kwenye debe na ndiye pekee aliyekuwa na sauti. Nilitaka kulirudisha, nikatafuta lile lingine, lile la kwenye njia ya maji, halikuwepo. Kichwani mwangu nilimwona mama akifunga fundo.

Anania alisimama taratibu. Hakuonekana na hasira hata kidogo. "Mheshimiwa mkaguzi," akasema, "umesikia mwenyewe. Huyu si wa hapa. Sasa mambo ya ushuru wa wananchi tutaamuliwa na mtu ambaye hata salamu yetu haiwezi?"

Yule wa kofia ya kaki akasogeza buti yake. Brighton alimtazama Anania, akanitazama mimi, na niliona kabisa kwamba hakuelewa. Kwa mtu wa Same, mwidiwe na mwiriwe ni mvua ileile.

Hapo ndipo Veronica alipoitikia. Hakusimama. Alikuwa amekaa chini kwenye kitenge kilekile, na alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayepokea chumvi dirishani.

"Mwiriwe, mwana wanje."

Aliniita mwanangu, na salamu aliisema kwa herufi yetu. Aliiweka wazi kabisa, ulimi ukagonga, mtu asije akadhani amekosea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake naye akasema mwiriwe. Esteri akasema. Halafu wengine, si wote, lakini wengi, Waha watupu ambao hawajawahi kulitumia neno hilo maishani mwao, na wengine walilitamka vibaya, mmoja akacheka alipokosea akarudia. Mzee mmoja wa kiume aliitikia mwishoni, amechelewa, kwa sauti nene.

Brighton akasubiri waishe. "Mimi nimesikia amesalimia," akamwambia Anania, "na nimesikia ameitikiwa. Naomba ukae, mzee. Binti, gunia hili ni debe ngapi?"

Hapo bado ningeweza kusema. Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Neno lilikuwa limeshaponyoka, lakini nikisema debe sita pengine Anania angenisamehe, angesema ulimi tu, ni mtoto wetu huyo. Lakini nisingeweza kumwangalia Veronica. Alikuwa ameshaingia kwenye shimo langu kwa miguu yake. Na kitu kingine, nitakisema ingawa ni kidogo: kwa mara ya kwanza mbele ya watu sikuwa na cha kuficha, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi.

"Leo ni sita," nikasema. "Jana yalikuwa saba na nusu."

Nilikwenda kwenye gunia la tatu, lile ambalo hakulifungua. Niliugeuza mdomo wa gunia kwenye mwanga nikamwonyesha. Juu palikuwa na mshono wangu wa jana. Chini yake, upana wa vidole viwili, ulizunguka mstari mwingine wa matundu, makubwa, hayana kamba. Gunia likishonwa kofia linabaki na matundu hayo hata ukiivua, kama sikio lililotobolewa. Nilimwambia hiyo ndiyo sehemu ya kofia, na kofia zenyewe arobaini ziko chumba cha nyuma pamoja na maharage, chini ya turubai. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Waliyapima maharage ya chini ya turubai palepale, mpaka jua likaanza kupungua. Wanawake ndio waliobeba debe, wakihesabu kwa Kiha kwa sauti moja. Walipofika sitini turubai lilikuwa tupu. Brighton aliandika, akamtaka Anania atie sahihi. Anania alitia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe. Veronica aliichukua baiskeli yake bila kumwomba mtu.

Mimi sikufurahi. Watu walinishika mabega, nami nilikuwa natafuta buti. Yule mtu alikuwa ameondoka.

Nilirudi nyumbani kupitia kwenye kamba, hakuna njia nyingine. Gari dogo la Anania lilikuwa limesimama pale, dirisha wazi, yeye ndani. Khatibu alikuwa ameishika kamba na haangalii upande wangu. Nilidhani nitapita.

"Mwidiwe, Ininahazwe," Anania akasema.

Hakuna mtu sokoni aliyelijua jina hilo. Sijui alilipata kwa nani, pengine kanisani, pengine kwa mtu wa nyumbani. Alilisema vizuri, kwa sauti ileile laini, kama anayenirudishia kitu nilichodondosha. Nilipaswa kumwitikia, ni mkubwa wangu. Nilitaka kukimbia.

"Mwiriwe, baba," nikasema, nikainama kupita chini ya kamba.

Mama alipoambiwa hakunikaripia. Aliuliza kitu kimoja tu, walioitikia walikuwa wangapi. Nikasema wengi, si wote. Akauliza nani hakuitikia. Nikawataja niliowaona. Akawa anawarudia majina yao kimoyomoyo, midomo inatikisika.

Wiki iliyofuata kamba ilibaki palepale, lakini halmashauri ilileta tangazo kwamba mzigo usiozidi debe tatu utalipa nusu, na kila gunia lenye kofia litahesabiwa mawili. Watu walishangilia siku moja. Jumatano bei ambayo Anania alitununulia maharage ilishuka, na ilishuka kwa kiasi kilekile cha ule ushuru mpya, na hapakuwa na mnunuzi mwingine. Fuso zake sasa zilisimama kwenye kamba, zikalipa, kwa fedha zetu. Veronica alisema huyu mtu ukimkata mkia anaota mwingine kichwani. Yeye alibeba ya kwake kwa baiskeli mpaka Kasulu, na wanawake sita wakamfuata. Mimi kazi yangu ya sindano ilikwisha, hakuna aliyeniambia niache na hakuna aliyeniita.

Na yule wa buti, nilikuja kumwona tena mwezi ule Kasulu stendi, amelala chini ya basi na spana mkononi. Ni fundi wa breki. Anania alimkalisha pale tu, akaniacha nimalizie vitisho mwenyewe.

Lakini gari la kweli lilikuja. Lilikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, na watu wanne, likasimama kwa balozi Sylvesta kama inavyotakiwa. Lilikuwa na orodha. Mama yangu aliitwa kwa jina lake kamili. Alitoka na furushi kichwani, amevaa kitenge chake cha kanisani, akatembea mbele yangu kama mtu aliyeshaondoka. Pale kwa balozi kulikuwa tayari na watu, maana gari husikika mbali. Veronica alikuwepo, mikono ina unga.

Aliyekuwa na orodha aliomba karatasi. Mama akafungua furushi chini, akasogeza sufuria, akatoa kadi ya ubatizo na kile kitita cha baba kilichofungwa kwa uzi. Yule mtu akakifungua. Akauliza ni za nini.

"Za kodi," mama akasema. "Marehemu mume wangu alilipa kila mwaka. Hakuruka."

Akazipindua moja moja. Nyingine zilikuwa zimefifia kiasi kwamba alizisogeza juani. Veronica alisema, bila kuulizwa, kwamba kuna watu wamezaliwa hapa na kitovu chao kimezikwa hapa, na hawana hata moja ya hizo. Hakutaja jina. Kuna mtu alikohoa nyuma kuzuia kicheko. Yule mwenye orodha akamuuliza Sylvesta kama anamjua mwanamke huyu.

Sylvesta si mtu wa maneno. Aliangalia furushi, akamwangalia mama, akamwangalia mkewe kidogo.

"Ni wa kwangu," akasema. "Nyumba ya saba."

Waliandika kitu. Walimrudishia mama stakabadhi zake, wakasema watarudi kuhakiki, akae palepale asihame. Kisha gari likaondoka kuelekea Busunzu, na vumbi likatukalia wote, hakuna aliyejipangusa.

Tulirudi nyumbani. Mama aliwasha moto, akatoa sufuria kwenye furushi, akapika ugali, na mboga ya maharage ambayo Veronica alitupa. Tulikula tukisikiliza barabara. Baadaye aliliosha sufuria, akalifuta mpaka likakauka, akasimama nalo katikati ya nyumba kama amesahau mahali pake. Mwishowe akalirudisha kwenye furushi. Nilimwangalia mikono. Siku zote alikuwa akifunga fundo la kufa, ambalo mpaka ulifumue kwa meno. Siku hiyo alifunga moja la kitanzi, lile ambalo ukivuta ncha linaachia.

Nami najua mafundo.